WAKUBWA WAMEPATANA, MAHINDI YALIYOOZA ANALIPA NANI?

Kijana, acha drafti hiyo kidogo unisikilize. Nasema na wewe wa kijiwe cha Manzese, wewe kuli wa soko la Tandale unayebeba gunia kubwa kuliko umri wako, na wewe wa Arusha unayedamka saa kumi alfajiri kuwahi gari la Namanga. Kila baada ya muda unaona gazetini picha ya vigogo wawili wameshikana mikono, bendera nyuma yao, tabasamu hadi jino la mwisho. Chini ya picha imeandikwa kwamba nchi mbili ndugu zimemaliza tofauti zao za kibiashara. Unasoma, unafurahi, unageuza ukurasa kwenda kwa Simba na Yanga.

Rudi kwenye ile picha! Jiulize kitu ambacho aliyeipiga hakuuliza. Walipokuwa wanagombana, hasara ilikuwa ya nani? Na walipopatana, nani alilipwa?

Nina rafiki yangu, jina lake silitaji kwa sababu bado ana madeni na baadhi ya wadai wake wanasoma gazeti hili. Mwishoni mwa Februari 2021 alichanga pesa zake na za dada yake, akaenda Kibaigwa mkoani Dodoma, akajaza Fuso moja ya mahindi. Soko lilikuwa Nairobi, maana Wakenya ni walaji wa ugali hasa na mahindi yao wenyewe hayawatoshi. Akafika Namanga karatasi zote mkononi. Kibali, stakabadhi, hati ya afya ya mimea, hakuna kilichokosekana.

Machi 5, 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ikaandika barua: mahindi ya Tanzania na Uganda marufuku, yana sumukuvu. Siku ile ile! Hapakuwa na notisi ya wiki, hapakuwa na notisi hata ya siku moja. Mtu amelala kwenye kiti cha utingo ni mfanyabiashara, ameamka ni msafirisha sumu.

Usinielewe vibaya. Sumukuvu si hadithi. Mwaka 2004 iliua watu 125 huko Kenya, na mwaka 2016 iliua watu hapa hapa kwetu, Dodoma na Manyara. Nchi inayoilinda midomo ya watu wake siilaumu. Lakini sumu hupimwa kwenye gunia, haipimwi kwenye bendera. Gunia la Kibaigwa lina sumu au halina, na kuna mashine za kuliangalia. Ile barua haikusubiri mashine yoyote pale Namanga iseme neno juu ya mzigo wa rafiki yangu.

Baada ya siku tano, Machi 10, Nairobi ikabadili kauli. Mahindi yaingie kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sawa kabisa. Sasa kwa nini hilo halikuwa neno la kwanza? Na Fuso ambayo tayari iko kwenye foleni, imekabwa mbele na nyuma, cheti hicho ikakitafute wapi?

Rafiki yangu alikaa pale siku kumi na tisa. Dereva anadai posho, utingo anadai chakula, mwenye gari anapiga simu kila asubuhi kuuliza gari lake. Mvua ikanyesha, turubai lilikuwa na tundu. Mahindi yaliyotoka Kibaigwa makavu yakaanza kuota ukungu pale pale barabarani, yaani ile sumu iliyosemwa ipo sasa ndiyo ikawa inatengenezwa na foleni yenyewe! Mwishowe akaligeuza gari, akauza mzigo Arusha kwa bei ambayo haikufika hata nusu ya alichonunulia. Dada yake hajazungumza naye vizuri hadi leo.

Mei 2021 Rais Samia akaenda Nairobi, akapokewa na Uhuru Kenyatta kwa heshima zote. Mawaziri wakaagizwa wakae chini wamalize matatizo, na malori yaliyokwama yakapita. Na mimi si mtu wa kukataa lililo jema kwa sababu limefanywa na serikali: biashara ilifufuka kweli. Takwimu za Kenya zenyewe zilionyesha bidhaa za Tanzania zilizoingia kule mwaka 2021 zinakaribia mara mbili ya zile za 2020.

Oktoba 2022, Rais William Ruto alipokuja Dar es Salaam, tukaambiwa kwamba vikwazo visivyo vya kodi kati ya nchi hizi mbili vilihesabiwa vikawa 68, na 54 vimeondolewa, bado 14. Ukumbi ukapiga makofi.

Hivi ulipiga makofi na wewe? Fikiri kidogo. Kama vikwazo 54 viliweza kufutwa ndani ya mwaka mmoja na nusu, tena bila kujenga daraja wala kuchimba kisima, basi vilikuwa pale kwa sababu ofisa fulani alivipenda. Kila kimoja kina mtu aliyekiweka, na kila kimoja kimeacha mtu barabarani. Hatukuambiwa hata jina moja la aliyewajibishwa. Hatukuambiwa hata shilingi moja iliyorudishwa kwa aliyeumia. Mkosaji amejisamehe mwenyewe, kisha akatuomba tumpongeze.

VIFARANGA NA NDEGE

Usije ukadhani naisema Kenya tu. Sisi wenyewe tuna yetu, na ni ya kutia aibu.

Oktoba 2017 serikali yetu ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka mpaka kutafuta malisho. Mwisho wa mwezi ule ule, pale Namanga, vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya wakateketezwa kwa moto. Sababu ikatajwa kuwa hofu ya mafua ya ndege. Vifaranga! Kitu kinacholia pii pii kwenye boksi la karatasi. Wengine wenu mlishangilia, msikatae, nilikuwepo kijiweni. Mlisema hapo sasa tuna serikali yenye msimamo. Lakini kifaranga anayevuka Namanga anakwenda kwenye banda la nani? Anakwenda kwa mama wa Tanzania anayefuga kuku mia mbili nyuma ya nyumba ili alipe ada ya mtoto. Tulichoma mtaji wa jirani na wa kwetu kwa kiberiti kimoja.

Kisha yakaja mapatano. Desemba 1, 2018 Magufuli na Uhuru wakafungua pamoja kituo cha forodha cha pamoja hapo hapo Namanga, jengo zuri kabisa. Julai 2019 Uhuru akaenda hadi Chato, nyumbani kwa Magufuli. Udugu ukarudi. Mwenye vifaranga hakualikwa Chato. Na lile jengo zuri halikulizuia Fuso la rafiki yangu kuoza mbele yake miaka miwili na ushee baadaye.

Sasa linganisha na hili. Januari 15, 2024 mamlaka yetu ya usafiri wa anga ilitangaza kwamba kuanzia Januari 22 ndege za abiria za Kenya Airways hazitaruhusiwa kuja Dar es Salaam. Chanzo ni kwamba Kenya ilikuwa inaikatalia ndege ya mizigo ya Air Tanzania kuchukua mzigo Nairobi na kuupeleka nchi ya tatu. Loh! Siku hiyo simu zililia. Musalia Mudavadi wa Kenya na January Makamba wa kwetu, mawaziri wa mambo ya nje wakati ule, wakazungumza na kukubaliana jambo limalizwe ndani ya siku tatu. Siku tatu hazikufika. Kenya ikatoa ruhusa, sisi tukafuta katazo, na hakuna abiria hata mmoja aliyelala uwanja wa ndege.

Umeona kitu hapo? Abiria wa ndege alipewa notisi ya wiki nzima. Mwenye mahindi hakupewa hata saa moja. Ugomvi unaogusa kiti cha mkubwa unatibiwa kabla haujaanza kuuma, na ugomvi unaogusa gunia la mlalahoi unaachwa hadi rais apate nafasi ya kusafiri. Kumbe wanajua namna ya kuzima moto haraka! Wanajua sana. Tatizo ni nyumba ya nani inaungua.

ULIZA WAZEE WAKO

Hili si jipya. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ikiwa inakata roho na shirika la ndege la pamoja likiwa limesambaratika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa lini? Novemba 1983! Karibu miaka saba. Muulize mzee wako sabuni na dawa ya meno zilipatikanaje miaka ile, atakwambia kwa magendo, usiku, kwa njia za panya, na aliyekamatwa alikiona cha moto. Wakubwa wa pande zote mbili hawakukosa sabuni.

Lakini mapatano yale yalikuwa na jambo moja ambalo ya leo hayana, nalo ni hesabu. Aliletwa mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, akahangaika miaka kadhaa kuorodhesha mali na madeni ya Jumuiya: mabehewa, ndege, meli, majengo, nani anacho nini na anadaiwa kiasi gani. Mei 14, 1984 huko Arusha, Tanzania, Kenya na Uganda zikatia saini. Ndani ya mkataba ule wakaacha kifungu cha kuendelea kutafuta ushirikiano, na kifungu hicho ndicho kilichozaa tume ya pamoja ya 1993, kisha Jumuiya hii tuliyonayo, ambayo mkataba wake ulisainiwa 1999. Ugomvi mkubwa kuliko wote ulitulizwa na daftari.

Hata hivyo angalia daftari lilimsahau nani. Serikali zilipogawana mali, wafanyakazi wa Jumuiya ile hapa kwetu walikaa miaka zaidi ya ishirini wakidai mafao yao. Wazee wale tuliwaona Dar es Salaam wakiandamana, wengine wakifika kuziba barabara, wengi wakafa wakisubiri. Nchi zilishalipana, aliyefanya kazi akabaki na fimbo yake na bahasha ya barua.

Na karatasi isiyo na meno nayo ni bure. Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna na Uganda. Agosti ya mwaka ule marais wao wakasaini makubaliano huko Luanda, mbele ya mashahidi wazito. Mpaka ukafunguliwa? Wapi! Ulifunguliwa Januari 31, 2022, siku chache baada ya Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais Museveni, kwenda Kigali kumuona Rais Kagame. Miaka karibu mitatu mwenye duka wa Katuna anasubiri mtoto wa mtu apande ndege.

SHERIA IPO, IMEKALIWA

Utaambiwa kwamba biashara ya mataifa ni mambo mazito, tuwaachie wataalamu. Danganya toto hiyo! Hata mataifa makubwa hugombana. Nchi za Ulaya na nchi za Amerika ya Kusini zilibishana juu ya ushuru wa ndizi karibu miaka 20, tangu 1993 hadi 2012, zikaburutana hadi Geneva mara kadhaa. Lakini wakati mawakili wanabishana, meli za ndizi ziliendelea kutia nanga. Mkulima aliuza kwa ushuru mbaya, ndiyo, ila aliuza. Nao hawakuwa malaika: mwaka 1999 Marekani ilipewa ruhusa ya kulipiza kisasi, ikatwanga ushuru kwenye bidhaa za Ulaya za dola milioni 191, na walioumia walikuwa watengenezaji wa mikoba na sabuni za kuogea, watu wasiojua hata mgomba unafananaje. Kila mahali asiyehusika ndiye anayelipa. Kwao alau aliyeamua kiasi cha kipigo alikuwa mwamuzi, kwa maandishi, na kila mtu akasoma.

Sisi tuna nini? Tunavyo vyote kwenye makaratasi. Umoja wa forodha tangu 2005. Soko la pamoja tangu Julai 2010. Sheria nzima ya Jumuiya ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kodi, imejaa kamati. Na Arusha, mjini kwenye saa na msongamano wa noah, kuna Mahakama ya Afrika Mashariki ambayo mkataba unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama, wewe hapo na kandambili zako, kuishitaki serikali inayovunja mkataba.

Ulikuwa unajua? Wenzako walijua. Uganda ilipoweka ushuru wa kibaguzi kwenye sigara zinazotengenezwa Kenya, kampuni ya sigara ya British American Tobacco ilikwenda Arusha, na Machi 2019 mahakama ikaipa ushindi. Hakuna aliyesubiri rais anywe chai. Mwenye sigara ana mawakili, mwenye mahindi ana turubai lenye tundu. Hiyo ndiyo Jumuiya yetu.

Na bado tunaendelea na mchezo ule ule. Aprili 2025 Hussein Bashe, akiwa waziri wa kilimo, alizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini. Lazima niwe mkweli, alikuwa na hoja. Afrika Kusini ilikuwa imezuia ndizi zetu kwa miaka, na Malawi mwezi Machi ilikuwa imefungia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Tena alionya kwanza, na ubabe ule ulifanya kazi, maana siku chache baadaye milango ya mazungumzo ilifunguka na katazo likaondolewa. Sawa. Lakini kama dawa pekee inayoleta mezani ni kumkaba jirani koo, kesho jirani naye atajifunza kukaba.

Julai 2025 ikatoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, kuanzia uwakala wa pesa za simu na ufundi simu hadi saluni na kuongoza watalii. Faini si chini ya shilingi milioni 10, au jela hadi miezi sita. Nairobi ikapiga kelele kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja imevunjwa. Najua Kariakoo mlifurahi, na sisemi kilio cha mmachinga dhidi ya mgeni mwenye mtaji mnene hakina msingi. Kina msingi. Ila kumbuka una binamu Nairobi na Mombasa anayehangaika na kibanda chake, naye siku moja ataamka akute barua kama ile ya Machi 5. Utamwambia nini? Kwamba wewe uliposhangilia ilikuwa utani?

Mimi ninachodai hakihitaji mkutano wa kilele. Serikali yoyote ya Jumuiya inayotaka kufunga mlango wa biashara itangaze mapema, kama ilivyotangaziwa ndege. Mzigo uliokwisha kuondoka ghalani upite, upimwe, na ukikutwa na sumu ndipo uharibiwe mbele ya mwenyewe na karatasi ya maabara mkononi. Ikithibitika katazo lilikuwa la uonevu, aliyepata hasara alipwe na serikali iliyofunga, na jambo hilo liandikwe kwenye taarifa ile ile ya mapatano, chini ya ile picha ya tabasamu. Wakubwa watasema gharama ni kubwa. Ni kweli, ni kubwa. Hivi sasa anazibeba rafiki yangu na dada yake.

Tuwaulize wabunge wetu, wa hapa na wale wa Bunge la Afrika Mashariki tunaowalipa posho Arusha: ni lini mmemuuliza waziri swali moja juu ya fidia? Wakija mtaani kuomba kura, usiwaulize habari za jezi na mpira. Waulize hilo.

Nawe unayesafirisha mzigo, tunza stakabadhi zako. Barua ya katazo ipige picha, andika tarehe uliyofika mpakani na tarehe uliyoondoka, dai jibu la maandishi hata kama ofisa anakufokea. Maana lile lango la mahakama ya Arusha lina komeo: shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu jambo litokee au tangu ulijue. Ukichelewa, unarudishwa.

Rafiki yangu anazo stakabadhi zake zote mpaka leo, kwenye mfuko wa nailoni, chini ya godoro. Katazo lilitoka Machi 5, 2021. Miezi miwili yake iliisha Mei 5. Siku hiyo Rais wetu alikuwa Nairobi, anahutubia Bunge la Kenya, na wabunge wanamshangilia. Yeye alikuwa Tandale anatafuta kibarua cha kushusha magunia, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwambia kwamba Arusha kuna mahakama.